Ndoa ya mpakani: Mgeni anapataje haki ya kuishi Rwanda?

Mwanamke wa Bukavu anayeolewa Nkanka, wilayani Rusizi, hapati haki ya kuishi Rwanda kwa mahari wala kwa harusi ya kanisani au msikitini pekee. Katiba ya nchi hiyo huitambua ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja, ambayo huandikishwa katika ofisi ya sekta. Cheti cha ndoa hiyo ndicho msingi wa kuomba kibali cha ukaazi katika idara ya uhamiaji.

Uraia ni suala jingine: huombwa baada ya miaka kadhaa ya ndoa. Rwanda huruhusu uraia pacha, ilhali sheria ya Kongo ya mwaka 2004 inaukataza. Hivyo, anayechukua uraia wa Rwanda hupoteza wa kwao. Mwenye kibali husalia Mkongomani.