Mstari mwekundu unaosimulia historia ya Boston

MGENI anayezuru Boston, mmoja wa miji mikongwe ya Marekani, hana haja ya kuuliza njia. Ardhini kuna mstari mwekundu, kwingine wa matofali, kwingine wa rangi, unaomwongoza kwa kilomita nne hivi hadi maeneo 16 ya kihistoria. Huitwa Njia ya Uhuru na ulianzishwa mwaka wa 1951.

Mbele ya jengo la zamani la serikali, lililojengwa 1713, utaona mawe yaliyopangwa kwa duara. Ni kumbukumbu ya Machi 5, 1770, wanajeshi wa Uingereza walipoufyatulia umati risasi na watu watano wakapoteza maisha. Inasimuliwa kwamba wa kwanza kuanguka alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika. Kaburi lake liko kwenye njia iyo hiyo.

Hatua chache kutoka hapo ni Faneuil Hall, ukumbi unaosifiwa kuwa chimbuko la uhuru. Ajabu ni kwamba tajiri aliyeujenga, Peter Faneuil, alifanya biashara ya watumwa.

Naam, msomaji, kibao cha ukumbusho husema machache. Mengine sharti uulize.