Maneno ya Sababu na Matokeo: Mfano wa Kumbukumbu za Tiba

Mwalimu mtarajiwa hukaririshwa orodha ya viunganishi vya sababu na kuridhika. Orodha hiyo haitoshi. Tuzilinganishe sentensi hizi za jalada la mgonjwa:

(a) Ana kisukari cha aina ya pili na ugonjwa sugu wa figo.
(b) Ana ugonjwa sugu wa figo uliosababishwa na kisukari cha aina ya pili.

Katika (a), "na" huunga nomino mbili tu. Katika (b), "na" ileile hufuata kauli ya kutendwa na kumtambulisha msababishi. Mtunza kumbukumbu anayetumia toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa hukuta humo msimbo E11.9 wa kisukari hicho bila matatizo, na E11.2 wa kisukari kilichodhuru figo. Sentensi (b) humpeleka moja kwa moja kwenye E11.2, (a) humwacha njia panda, kwa kuwa haikudai wala haikukanusha uhusiano. Akikisia vibaya, takwimu za taifa hupotoka naye.

"Baada ya" huonyesha wakati. "Alipata homa baada ya upasuaji" haisemi kuwa upasuaji ndio ulioleta homa, ijapokuwa wasomaji wengi huelewa hivyo. "Kutokana na" hudai chanzo waziwazi. Kiambishi "-ka-" nacho hupanga matukio na kumwachia msikilizaji kukisia sababu: "alizirai akaanguka" ni habari ya moyo pengine, au ya shinikizo la damu; "alianguka akazirai" hututuma kuchunguza kichwa.

Hati ya kifo ya Shirika la Afya Duniani imejengwa juu ya mantiki hii. Kila mstari wa sehemu ya kwanza hutokana na ule ulio chini yake: nimonia juu, surua chini. Ukiipindua, surua imezaliwa na nimonia.

Ukanushi ndio mgumu zaidi, na kwa maoni yangu vitabu vyetu huupita haraka mno. "Hakulazwa kwa sababu ya malaria" ina maana mbili: alilazwa kwa sababu nyingine, au malaria ndiyo iliyozuia asilazwe. Wanafunzi waiandike upya mara mbili: "Alilazwa, lakini si kwa sababu ya malaria", "Malaria ndiyo iliyofanya asilazwe."