Pisine ya patro, mapafu yako

Mvua ikiisha, nyumba kubwa za Golf, hapa Lubumbashi, zinatafuta watu wa kutengeneza pisine za fibra: kusugua rangi ya zamani na mashine, kuziba mapovu, kupakaa resini mpya. Wakamarade wengi wa mine wanafanya kibarua ile siku za konji. Sawa, franka ni franka. Lakini vumbi ile ni vioo vya kusagwa, kitambaa ya mdomo haizuie kitu. Na harufu kali ya resini, stireni, ni nzito kuliko hewa: inabaki chini, pale unainama. Watu wa shimo tunajua mambo ile. Uvae maski ya filtri ya gazi, na mtu mmoja abaki juu akikuangalia.

Ile dawa ya zambarau ya kukaushisha resini ni kobalti, ndiyo, ile tunachimba Kolwezi. Usiichanganye na katalizere peke yao: inalipuka! Kobalti inaingia kwanza mu resini, inakorogwa muzuri, kisha katalizere. Hii ikiruka mu jicho inaweza kupofusha. Sukula na maji mingi palepale, dakika 15, kisha hospitali.

Patro akisema maski ni juu yako, iongeze kwenye bei mbele ya kushuka.