Umoja Ukivunjika, Mpaka Hubadilikaje? Mafunzo ya Namanga kwa Vyama vya Msingi

Kwa wakulima wa Nduruma na wa vijiji vingine vilivyo chini ya Mlima Meru, mpaka wa Namanga si jambo la mbali. Kutoka mjini Arusha hadi Namanga ni mwendo wa kilomita zipatazo 110, kwa barabara ipitayo Oldonyo Sambu na Longido. Shehena ya vitunguu iliyopakiwa alfajiri yaweza kufika mpakani kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo ni haki ya mwanachama kumwuliza katibu wake: nchi ikijitoa katika umoja wa kisiasa, au umoja wenyewe ukivunjika, sisi na mazao yetu tutavuka vipi?

Makala hii inakusudia kujibu swali hilo, kwa kutumia zaidi mambo yaliyotukia hapa hapa Arusha.

Mpaka mmoja, milango minne

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mpaka si lango moja. Ni milango minne iliyosimama mahali pamoja.

Mlango wa kwanza ni wa mtu. Huo husimamiwa na uhamiaji, nao huuliza: wewe ni nani, ni raia wa nchi gani, na utakaa siku ngapi? Mlango wa pili ni wa bidhaa. Huo ni wa forodha, nao huuliza: mzigo huu umetoka wapi, thamani yake ni kiasi gani, na ushuru wake ni upi? Mlango wa tatu ni wa afya ya mazao. Hapo huulizwa kama mzigo una wadudu, magonjwa au sumu. Mlango wa nne ni wa gari: bima yake, leseni ya dereva na kibali cha kubeba mizigo nje ya nchi.

Kila mlango una sheria yake na mapatano yake. Umoja wa nchi huweza kufungua mlango mmoja na kuacha mwingine umefungwa nusu. Kadhalika, nchi ikijitoa, milango yote haifungwi kwa namna moja wala siku moja. Kila ruhusa iliyotokana na mapatano ya umoja hukoma pamoja na mapatano hayo, isipokuwa nchi zimeafikiana vinginevyo. Ruhusa iliyotokana na mapatano mengine hubaki.

Yaliyotukia mwaka 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na makao yake makuu yakawa Arusha. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na shirika moja la reli, la bandari, la posta na simu, na la ndege. Forodha nayo ilikuwa ya pamoja. Hata hivyo uhamiaji ulibaki mikononi mwa kila nchi. Yaani mlango wa bidhaa ulikuwa wa wote watatu, lakini mlango wa mtu kila mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisimama, na Kenya ikaanzisha lake. Mwezi Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa nchini zikazuiliwa. Katikati ya mwaka huo Jumuiya yenyewe ikafikia mwisho wake.

Yafaa kuangalia mfuatano huo kwa makini. Mpaka ulifungwa kabla Jumuiya haijamalizika rasmi. Haukufungwa kwa sababu mkataba uliagiza hivyo, bali kwa amri ya nchi moja wakati wa ugomvi. Hili ndilo linalotofautisha kujitoa kwa utaratibu na kuvunjika kwa hasira. Katika kujitoa kwa utaratibu, masharti hubadilika na msafiri huongezewa karatasi. Katika kuvunjika kwa hasira, hakuna karatasi ya kumsaidia, kwa maana mlango wenyewe umepigwa komeo.

Komeo hilo lilidumu zaidi ya miaka sita. Kenya ilipoteza njia ya malori yake kwenda Zambia kupitia Tanzania. Arusha ilipoteza wageni waliokuwa wakishukia Nairobi na kuja kwa barabara kutazama mbuga zetu. Familia za Wamaasai, ambazo mstari wa mpaka umepita katikati ya malisho yao, zilijikuta zimetenganishwa na amri ya serikali. Watu hawakuacha kuvuka. Walivuka kwa njia za panya. Biashara iliyokuwa halali ikageuka kuwa magendo, na mkulima aliyeuza kwa magendo hakuwa na bei ya kudai, risiti ya kuonyesha, wala mahali pa kushtaki alipodhulumiwa.

Milango ilifunguliwa mmoja mmoja

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983, baada ya viongozi wa nchi tatu kukutana Arusha. Mapatano ya kugawana mali ya Jumuiya ya zamani yalitiwa saini hapa hapa tarehe 14 Mei 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi.

Lakini kufungua mpaka hakukurudisha yaliyokuwapo. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005. Soko la pamoja, ambalo ndilo linalogusa safari za watu, lilianza Julai 2010. Kituo cha Namanga cha huduma kwa pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pande mbili, kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Ikihesabiwa tangu komeo la 1977, ni miaka 41. Kuvunja kulichukua miezi. Kujenga upya kumechukua umri wa mtu mzima.

Hata sasa milango haiko sawa. Raia wa Tanzania, Kenya au Uganda haombi viza kwenda nchi nyingine kati ya hizo tatu, naye aweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Lakini hati ya kuvukia hutegemea mapatano: mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na Tanzania haikuingia katika mpango huo. Mwanachama asidhani kwamba kinachomtosha Mganda kitamtosha yeye.

Mifano kutoka nchi nyingine

Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na masharti mapya ya safari yakaanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2021. Mwingereza alikuwa akionyesha pasi yake mpakani hata kabla ya kujitoa, kwa kuwa nchi yake haikuingia katika mapatano ya Schengen ya kuondoa ukaguzi. Kilichobadilika ni maswali. Sasa katika nchi za Schengen huhesabiwa siku zake, zisizidi 90 katika kila siku 180. Mlango wa mazao ulibadilika pia: Januari 2021 madereva wa malori waliofika Uholanzi walinyang'anywa mikate iliyotiwa nyama, kwa sababu nyama kutoka nje ya Umoja hairuhusiwi kuingia hivi hivi. Hata hivyo safari kati ya Uingereza na Ireland ziliendelea kuwa huru, kwa kuwa zilisimama juu ya mapatano ya zamani kuliko Umoja wenyewe.

Afrika Magharibi, nchi za Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa Ecowas Januari 2024, na kujitoa huko kukatimia tarehe 29 Januari 2025. Siku hiyo Ecowas iliagiza wanachama wake waendelee kuzitambua pasi zenye nembo ya Ecowas walizokuwa nazo raia wa nchi hizo. Hapo mlango wa mtu uliachwa wazi kwa makusudi.

Tanzania yenyewe ilijitoa Comesa mwaka 2000. Nafuu ya ushuru ya Comesa ilikoma kwetu, lakini kadi ya njano, yaani bima ya gari inayotambulika kuvuka mipaka chini ya mpango wa Comesa, Tanzania imebaki ndani yake. Huo ni mlango wa nne, uliobaki wazi baada ya mlango wa pili kubadilika.

Umoja ulio hai si kinga kamili

Kosa kubwa lingekuwa kudhani kwamba umoja ukiwapo hapana hatari. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Jumuiya ilikuwa hai, wala hakuna aliyejitoa. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haijazidi kiwango. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda, nchi mbili za Jumuiya, ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022.

Kuhusu kujitoa kwenyewe, Mkataba wa Jumuiya umeweka utaratibu. Nchi haiwezi kutoka kwa tamko la siku moja: Bunge lake halina budi kuazimia kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe taarifa ya miezi 12. Miezi hiyo ni nafasi ya chama kujipanga, mradi katibu anafuatilia habari.

Wajibu wa chama

Tuseme chama kimepata mnunuzi wa vitunguu ng'ambo ya Namanga. Kabla ya gari kuondoka, katibu aipitie milango minne. Kwa mtu: je, dereva na msimamizi wa mzigo wana hati halali za kusafiria? Kwa bidhaa: je, kipo cheti cha uasilia kinachothibitisha kwamba mazao yamelimwa hapa, ili yapate nafuu ya ushuru? Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 upo utaratibu uliorahisishwa, na cheti hutolewa mpakani. Kwa afya: je, kipo cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka husika, ambayo makao yake makuu yapo hapa Arusha, pamoja na kibali cha kupeleka mazao nje? Kwa gari: je, ipo bima ya kadi ya njano?

Nakala za hati hizo zihifadhiwe ofisini kwa mpango, si mfukoni mwa dalali. Karatasi zikiwa kwa dalali, dalali ndiye mwenye soko, na chama hubaki mbeba magunia wake. Zikiwa kwenye jalada la chama, masharti yakibadilika katibu atajua ni mlango gani umebadilika, naye atatafuta karatasi moja inayokosekana badala ya kuanza upya.

Mwisho, kamati zisiweke mazao yote katika soko lililo ng'ambo moja. Mahindi yaweza kusubiri ghalani hadi serikali zipatane. Nyanya haziwezi. Zao linaloharibika kwa siku tatu linahitaji mnunuzi wa pili upande huu wa mpaka, naye atafutwe na kuandikiana mkataba wakati Namanga ingali wazi.