Dawa Iliyositishwa Isibaki Mfukoni mwa Mzee

Katika Kata ya Nzuguni jijini Dodoma, kama ilivyo kwingineko nchini, wazee wengi hutunzwa nyumbani na watoto au wajukuu wao. Wachache huishi katika makazi ya wazee. Kote huko hutokea jambo moja: daktari hubadilisha dawa, mpya ikaletwa, na ya zamani ikabaki katika mfuko uleule. Kwa kuwa muda wake wa matumizi haujaisha, huonekana bado inafaa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tuchukue mfano wa glibenklamaidi, dawa ya kisukari ambayo Shirika la Afya Duniani halishauri wapewe watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60, kwani huweza kushusha sukari kupita kiasi. Mzee aliyebadilishiwa dawa hiyo, kisha akameza ya zamani pamoja na mpya, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia, hata kufariki. Walio karibu naye huenda wakadhani ni uzee tu.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Usisitishe dawa bila ushauri wa daktari. Ikisitishwa, iondoe siku hiyohiyo na uitenge mahali panapofungwa kwa ufunguo.

2. Iache katika pakiti yake, uandike juu yake "IMESITISHWA" pamoja na tarehe.

3. Katika makazi ya wazee, watumishi wawili wahesabu dawa hizo, waandike idadi daftarini na kutia saini. Dawa za usingizi na za maumivu makali zisikose kuhesabiwa, kwani huibwa kwa urahisi.

4. Usimpe mgonjwa mwingine, hata kama ugonjwa unafanana.

5. Ipeleke katika hospitali, kituo cha afya au famasia iliyo karibu, uombe maelekezo ya kuikabidhi.

Usiitupe chooni wala kwenye sinki. Dodoma hutegemea sana maji ya visima, vikiwamo vya Mzakwe, na kinachozama ardhini huweza kuyafikia maji hayo. Usiichome uani pia: moto wa kawaida hauiteketezi yote, na moshi wake hudhuru. Dawa zisizofaa huteketezwa kwa utaratibu maalumu, chini ya usimamizi wa wakaguzi.

Leo, kabla ya kumpa mzee dozi inayofuata, linganisha dawa zilizo mfukoni mwake na cheti cha mwisho cha daktari. Isiyomo katika cheti hicho, itenge kwanza, kisha umuulize daktari au mfamasia.