Soksi ya Krismasi Kutokana na Sweta la Mtumba

Soksi ya Krismasi ni mfuko wenye umbo la soksi kubwa, ambao mtoto hutundikiwa mkesha wa tarehe 25 Desemba ili akiamka aukute na zawadi, na ambao masimulizi ya Ulaya, ilikotokea desturi hiyo, huuhusisha na Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya 4. Mkoani Katavi sikukuu yenyewe si ngeni, kwani Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885; hata hivyo furaha ya mtoto imefungamana zaidi na nguo mpya na pilau kuliko na soksi ya kutundikwa. Jambo hilo humpa mshonaji wa Mpanda, mkoani humo, uhuru mkubwa, kwa kuwa hakuna mazoea yanayomlazimisha kupamba kwa theluji ambayo mtoto wake hajawahi kuiona.

Kitambaa kinachofaa zaidi ni felti, yaani kitambaa kisichofumwa kwa mtande na mshindio, bali kinachotokana na sufu iliyoshikamana yenyewe. Unywele wa sufu una magamba madogo mno, ambayo yakipata maji ya moto, sabuni na msuguano hunasana yasiachane tena, na kwa sababu hiyo ukingo wa felti uliokatwa hautoki nyuzi wala hauhitaji kupindwa. Sifa hiyo moja ndiyo inayoifanya kazi hii imfae hata asiye na cherehani, maana umbo dogo kama sikio la kiboko hukatwa kwa mkasi na kushonwa lilivyo.

Pale ambapo felti haipatikani, sweta la sufu la mtumba hutosha, ilimradi liwe la sufu halisi. Ili kulitambua, uzi mmoja huchomolewa na kuchomwa kwa tahadhari: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kuwa kitone kigumu, na sweta la namna hiyo haligeuki felti hata likichemshwa kutwa nzima. Sweta lililothibitika hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, likisuguliwa kwa nguvu na kusuuzwa kwa maji baridi, na kazi hurudiwa mpaka vitanzi vya ufumaji visionekane tena. Kwa kuwa husinyaa sana, ni heri kuchagua la mtu mzima.

Kielelezo huchorwa kwenye gazeti, kikiwa na urefu wa sentimita 40 hivi na mdomo wa sentimita 18, kisha vipande viwili hukatwa. Mapambo hushonwa kwenye kipande cha mbele kabla vipande havijaunganishwa, kwa sababu mkono hauwezi kufanya kazi vizuri ndani ya mfuko uliokwisha kufungwa, na kosa la kuanza na kuunganisha ndilo linaloharibu kazi nyingi. Twiga na kiboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini, au herufi ya kwanza ya jina la mtoto, vyote hukatika kirahisi. Kila pambo hushikizwa kwanza kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda itakayofumuliwa baadaye, ndipo lishonwe kingo zake. Uzi ukipitishwa juu ya kipande cha nta ya nyuki, ambayo katika mkoa huu wa wafuga nyuki haitafutwi mbali, haujikunji wala haukatiki upesi. Vifungo, shanga na puluki hupendeza, lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 ni hatari, kwa kuwa vikichomoka vinaweza kumkaba. Kwa hiyo macho ya twiga hudariziwa kwa mafundo ya uzi.

Vipande huunganishwa kwa mshono wa blanketi, ambamo sindano hutoboa umbali wa milimita 5 kutoka ukingoni na kutokezea juu ya uzi wenyewe, hivyo kila mshono hulala juu ya ukingo na kuubana. Kitanzi cha kutundikia hushonwa kwa mshono wa kurudi nyuma, uliorudiwa mara kadhaa, kwa sababu kitabeba karanga, pipi, na pengine penseli na madaftari ya shule zitakazofunguliwa Januari.

Sikukuu ikipita, soksi huanikwa mpaka ikauke kabisa, maana Desemba ni msimu wa mvua na sufu hushika unyevu, kisha hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ili nondo, ambao viwavi vyao hula sufu, wasiifikie.