Kanisa la Simu ya Mkononi na Ulinzi wa Jamii

Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wametumikia kwa zamu katika kulinda amani nchini Somalia. Wengi wao wanajua ilivyo Jumapili ya kambini, mbali na mke na watoto. Askari akitoka lindoni hufungua simu yake, akasikia kwaya ya kanisa lake la nyumbani Mbarara, akasikia jina la mgonjwa likitajwa katika maombi, naye akatuma sadaka yake kwa simu hiyo hiyo. Askari huyo hakuingia kanisani, lakini hatuwezi kusema kwamba hakuwamo.

Jambo hili si la askari peke yake. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mwendo wa kilomita kiasi cha 60 kutoka Mbarara, wapo Wakristo wengi wanaoishi hivyo hivyo. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo watu zaidi ya laki moja, wakiwamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Makanisa ni mengi: mengine ya matofali, mengine ya miti na maturubai. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya majeshi yetu, ndicho pia kinachowaunganisha waumini wengi waliotoka Kongo ya Mashariki.

Je, mitandao ya simu imeyageuzaje makanisa hayo? Kwanza, imewakusanya waliotawanyika. Kwaya iliyoanzia Kivu huenda leo ina waimbaji Nakivale, wengine Kampala, na wengine waliohamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Zamani kuhama huko kulikuwa sawa na kufiwa. Sasa wamo katika kundi moja la WhatsApp. Asiyejua kusoma husikiliza ujumbe wa sauti. Mazoezi ya wimbo hufanyika kwa kurekodi, na michango ya mazishi au ya bati la kanisa hupita kwa simu. Haya hayakuwa mepesi tangu mwanzo, kwa kuwa wakimbizi wengi walipata shida kuandikisha laini kwa majina yao wenyewe, hadi mwaka 2019 vitambulisho na barua za wakimbizi zilipokubaliwa kwa kazi hiyo.

Pili, mitandao imeleta karibu mji na makazi. Mgonjwa akipelekwa kutoka Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, hufika mahali ambapo jamaa ndio wanaotazamiwa kumpikia na kumwosha. Kama hana jamaa, ujumbe mmoja ukitumwa kwa waumini wa Mbarara unaweza kumpatia mtu wa kuleta uji kabla jua halijachwa. Hapo ndipo tunapoona faida ya mtandao. Simu imepeleka habari, na mwanadamu amekuja kwa miguu yake.

Jaribio kubwa lilikuja Machi 18, 2020, Serikali ilipotangaza kufungwa kwa nyumba za ibada ili kuzuia ugonjwa wa Korona. Ziliruhusiwa kufunguliwa kwa masharti mwezi Septemba mwaka huo, zikafungwa tena Juni 2021, na kufunguliwa tena Septemba 2021. Katika miezi hiyo mahubiri yalihamia redioni, katika televisheni na katika simu. Ndipo ilipodhihirika kwamba mlango wa kanisa hili jipya nao una kiingilio. Tangu Julai 2018 aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Kwa mjane anayetegemea posho ya wakimbizi, hizo si fedha ndogo. Tena Januari 2021, intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, makundi hayo yote yalinyamaza kwa mara moja.

Tusidhani hata hivyo kwamba mtandao wa waumini ni jambo geni katika nchi hizi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Kutokana na urafiki wao na wa wenzao ulienea uamsho wa Balokole, uliofanya mkutano mkubwa Kabale mwaka 1935, ukavuka hadi Kenya, Tanganyika na Burundi. Uamsho huo ulisafiri kwa barua na kwa vikundi vya watu waliotembea kutoka kanisa hadi kanisa, wala haukungoja ruhusa ya wakubwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa ajili yake. Basi ugomvi wa leo, kwamba kijana mwenye simu anahubiri bila kuulizwa na askofu, una babu yake. Lakini iko tofauti moja. Ndugu wa uamsho walikutana ana kwa ana, wakaungama mbele ya wenzao waliowajua. Mhubiri wa simu aweza kuwa mtu ambaye hakuna jirani anayemjua.

Ndugu Askari, hapa ndipo penye kazi yenu. Machi 17, 2000, huko Kanungu, mamia ya watu walipoteza maisha katika dhehebu lililotangaza mwisho wa dunia. Hawakuwa na mitandao ya simu. Waliuza mali zao, wakaishi kwa kutengwa, wakakatazwa hata kuzungumza. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri ambaye mahubiri yake yalienezwa kwa televisheni na kwa video za intaneti. Matukio hayo mawili, moja bila mtandao na jingine pamoja nao, yana alama zile zile: watu kutengwa na jamaa zao na kuachana na mali zao wakingoja mwisho wa dunia.

Kwa hiyo kipimo si kama waumini wanatumia simu au hawatumii. Kipimo ni kama mtandao wao unamleta mtu kwa jirani zake au unamtoa kwao. Kundi la watu wanaoomba usiku kucha kwa simu si njama. Katiba yetu ya 1995, katika kifungu cha 29, inalinda uhuru wa kuabudu, na mkimbizi asitiliwe shaka kwa sababu ya sala. Lakini mama akija kituoni kusema kwamba binti yake ameuza shamba na kuacha kupokea simu za nyumbani kwa amri ya mhubiri, asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya dini. Hali kadhalika, mtu akijiita mchungaji na kudai fedha mtandaoni ili amwingize mkimbizi katika orodha ya kuhamishiwa ng'ambo, huyo ni mwizi, maana nafasi hizo haziuzwi. Mlalamikaji ashauriwe asifute ujumbe, namba wala risiti ya malipo, kwa kuwa huo ndio ushahidi.

Na askari aliye katika operesheni akumbuke kwamba simu inayomletea kwaya yaweza pia kumwonyesha adui mahali alipo. Afuate amri za kamanda wake kuhusu simu, hata siku ya Jumapili.

Ndugu Wasikilizaji, wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Simu yaweza kuleta habari ya msiba kutoka Nakivale hadi Mogadishu kwa dakika moja, lakini jeneza hubebwa na watu waliopo. Kwa hiyo mlinzi wa amani awafahamu wazee wa makanisa ya eneo lake kwa nyuso na kwa majina, kabla hajawahitaji.